Simulizi za manusura ziingie darasani: barua ya wazi kutoka Mwanza

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania,
Ndugu Afisa Elimu Mkoa wa Mwanza,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya kata hapa Ilemela. Naomba simulizi za maisha za watu walionusurika ajali za meli, mashambulizi na mauaji, walizoandika au kuzisimulia wao wenyewe, ziwekwe kwenye orodha ya vitabu vya Kiswahili na kwenye somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Kwa shule za huku, tuanze na manusura wa Kanda ya Ziwa. Naomba pia zisomwe bila kutahiniwa. Najua ombi hili la pili ndilo litakalowakuna vichwa zaidi, kwa hiyo naanza nalo.

Kila aliyewahi kufundisha fasihi kidato cha tatu na cha nne anajua jinsi tunavyosoma. Mwanafunzi hajafungua ukurasa wa kwanza wa riwaya, tayari ana kijitabu cha uhakiki mkononi. Ndani mna dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, vyote vimepangwa kwa namba. Anakariri. Anaingia mtihanini, anaandika utangulizi, anashusha hoja zake, anahitimisha, anapata alama. Kwa miaka mingi vijana wetu wamesoma hivyo Takadini ya Ben Hanson, riwaya ya mtoto mwenye ualbino aliyezaliwa kwenye jamii isiyotaka aishi. Ni kitabu kizuri na mimi nimekifundisha kwa moyo. Wanafunzi wangu wakiulizwa dhamira zake wanazimwaga bila kufikiri: imani potofu, nafasi ya mwanamke, mapenzi ya mama kwa mtoto. Kisha kengele ya mapumziko inalia, na nje ya dirisha la darasa lilelile namsikia kijana akimwita mwenzake mwenye ualbino "dili", yaani biashara ya fedha.

Mnajua kejeli hiyo ilikotoka. Tangu katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino wa Kanda hii wamewindwa, wamekatwa viungo na kuuawa kwa sababu ya uongo wa waganga matapeli na fedha za wanaowaamini. Wapo wazazi walioona hakuna namna ila kuwapeleka watoto wao wadogo bwenini, katika shule kama Mitindo kule Misungwi, wakaishi huko kwa usalama zaidi ya elimu. Wala si habari za zamani. Mwaka 2024, wilayani Muleba, mtoto wa miaka miwili na nusu alinyakuliwa nyumbani kwao, na mwili wake ulipopatikana viungo vilikuwa vimekatwa. Wanafunzi wangu wa leo walizisikia habari hizo redioni kama mimi.

Sasa jiulizeni pamoja nami: inakuwaje kijana anaandika insha nzuri ya kulaani imani potofu, halafu anamtania mwenzake kwa jina lenye bei ndani yake? Jibu langu ni kwamba tumemfundisha kuwa kitabu ni cha mtihani. Mhusika wa riwaya ameumbwa na mwandishi na mwanafunzi analijua hilo fika. Ukimwuliza kwa nini Sekai, mama yake Takadini, alikimbia na mwanawe, atakwambia mwandishi amemtumia kuonyesha nafasi ya mama katika malezi. Lakini mtu anayeeleza alivyolala uvunguni akimsikia mama yake akigombana na wauaji mlangoni hakutumiwa na yeyote kuonyesha chochote. Yupo. Pengine anauza nyanya Kirumba, pengine mtamkuta kwenye daladala ya Igoma. Mwanafunzi hawezi kumfunga ndani ya hoja namba mbili akaenda zake.

Naeleza tulichofanya darasani, maana sipendi kuwaletea nadharia tupu.

Mzee mmoja wa hapa jijini alikuwa kijana alipopanda MV Bukoba kuja Mwanza kutafuta kazi. Meli hiyo, mnakumbuka, ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, upande wa Bwiru, na mamia ya watu wakafa. Ilipopinduka walikuwapo watu hai ndani yake; walisikika wakigonga. Ilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka nayo ikaenda chini. Mzee huyu aliyaandika aliyoyaona kwenye kaunta buku, kwa kalamu ya wino wa bluu, herufi kubwakubwa za mtu asiyeandika kila siku. Alituruhusu tunakili na kuyasoma darasani. Kuja mwenyewe hakutaka, na hatukumbembeleza.

Nilidhani, kama ambavyo ninyi pia mtadhani, kwamba maandishi hayo yatajaa maji na mayowe. Kuhusu alivyookoka ameandika mistari michache tu. Kurasa karibu tatu amempa mwanamke aliyeketi jirani naye kwenye daraja la tatu. Alipandia Kemondo. Alikuwa na senene waliokaangwa, amewafunga kwenye jani la mgomba, akamkaribisha kijana asiyemfahamu. Alikuwa anakuja Mwanza kumwona binti yake aliyejifungua. Alikuwa na mkungu wa ndizi kwa ajili ya mzazi na aliuwekea mguu usiku kucha usije ukachukuliwa. Mzee anasema hakumwuliza jina, kwa sababu usiku ule hapakuwa na haja. Walikuwa wanasafiri tu.

Hapo ndipo nilipowaeleza wanafunzi jambo moja la kihistoria: abiria wa madaraja ya juu walikuwa na orodha ya majina, wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Hii ndiyo sababu mojawapo ya idadi ya waliokufa kubishaniwa mpaka leo. Darasa lilinyamaza kidogo, kisha maswali yakaanza, na hakuna hata moja lililofanana na maswali ya kijitabu cha uhakiki. Msichana wa nyuma aliuliza, "Huyo binti aliyejifungua aliambiwa na nani?" Mwingine akauliza kama aliendelea kungoja bandarini, na mpaka lini. Kijana mmoja, mtoto wa mvuvi wa Igombe, asiyependa kabisa kusoma kwa sauti, aliuliza yule mtoto mchanga sasa ana umri gani. Wakapiga hesabu wenyewe, wakakuta anakaribiana na mwalimu wao wa hisabati. Kuna waliotaka kumwandikia, ingawa hatujui yuko wapi wala kama yupo. Tuliwaacha waandike. Barua hizo ninazo kabatini, na nawaambieni, kama mtu aliyesahihisha insha kwa miaka mingi, sijawahi kupata kutoka kwa wanafunzi haohao Kiswahili kilichonyooka namna ile.

Muhula uliofuata tulisoma maelezo ya mama mwenye ualbino wa mkoa huu aliyeponea chupuchupu kwenye panga. Naye vilevile, panga halikuchukua nafasi kubwa. Sehemu kubwa ilikuwa shule: jua la paredi lililomchoma ngozi hadi ikatoka malengelenge, ubao asiouona, viboko vya "hujanakili", na wanafunzi wenzake waliokuwa hawamfanyii ubaya wowote ila walikuwa wanatazama. Alirudia neno hilo, kutazama, katika kurasa nyingi. Wanafunzi wangu walikuwa wamejiandaa kuwalaani wauaji. Walijikuta wamesimama mahali pa wale watazamaji, kwa sababu ile paredi ni paredi yetu na ule ubao ni ubao wetu.

Shuleni kwetu viranja walikuwa na mazoea ya kumvua kofia kila anayeivaa kwenye paredi, kwa kuwa kofia si sehemu ya sare. Wiki iliyofuata viranja haohao walikwenda ofisini kuomba mwenzao aruhusiwe kofia ya ukingo mpana na shati la mikono mirefu siku zote. Viti vya mbele vikapangwa upya bila mimi kusema. Sitawadanganya kwamba kejeli zimekwisha. Zipo, ila zimepungua, na anayezitoa sasa huwa anakemewa na wenzake kabla mwalimu hajafika. Mkinipa miaka kumi ya kukariri dhamira sidhani kama nitafika hapo.

Mataifa mengine yamelifanya jambo hili na hayakuanza nalo kirahisi. Primo Levi, mkemia wa Torino aliyetoka hai Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi wa Ujerumani, aliandika yaliyompata na kitabu kikatoka mwaka 1947, baada ya kukataliwa na mchapishaji mkubwa wa nchini mwake. Waliokisoma wakati huo walikuwa wachache. Baadaye kiliingia shuleni, Levi akawa anazunguka madarasani, na mwaka 1976 akaandika kiambatisho maalumu kwa ajili ya toleo la shule, akijibu maswali ambayo wanafunzi walikuwa wakimwuliza mara kwa mara: kwa nini hamkutoroka, je, unawachukia Wajerumani. Napenda sana jambo hili kuliko sifa nyingine za kitabu chenyewe. Wanafunzi walimwuliza manusura, manusura akawajibu, na majibu yakachapishwa nyuma ya kitabu ili wanaofuata waendelee kuuliza.

Kwetu nafasi hiyo tumekuwa nayo karibu kuliko watu wengi duniani. Mwaka 1994 miili ya waliouawa Rwanda ilishuka na Mto Kagera mpaka ziwani, na wapo watu kandokando ya ziwa hili walioshindwa kula samaki. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Kisha mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji hayo ikawekwa Arusha na kusikiliza mashahidi mpaka ilipofungwa mwisho wa mwaka 2015. Manusura walisimama katika ardhi yetu wakasema. Katika vitabu ninavyofundishia sijaona hata ukurasa mmoja wa maneno yao.

Tazameni na upande wa lugha yenyewe. Moja ya tawasifu za kwanza za Kiswahili kupigwa chapa, mwanzoni mwa karne ya 20, ni ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Ameeleza safari zake, vita vyake, faida zake. Waliobeba pembe hizo wamebaki bila sauti, isipokuwa kwa vitabu vichache mno, kama Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela cha mwaka 1934, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa waliokombolewa. Mwenye bunduki alipata wa kumchapishia. Tusirudie hilo kwa watu wa zama zetu.

Maana muda wenyewe unakwenda. Aliyekuwa na miaka 40 siku MV Bukoba inazama sasa amefika au anakaribia 70. MV Nyerere ilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018, hatua chache kabla ya gati la Bwisya, Ukara, ikitoka Bugolora siku ya gulio, walikufa watu 228 na kuokolewa 41. Kivuko hicho uwezo wake ulikuwa watu 101. Hao 41 hawajawa wazee, lakini watu husahau, huhama, na wengine huamua kunyamaza kwa sababu hakuna aliyewauliza. Halafu wapo bibi zetu wa vijijini Usukumani waliokaa jikoni na moshi maisha yao yote mpaka macho yakawa mekundu, wakaitwa wachawi kwa macho hayo. Waliosalimika panga wapo, na wengi hawajui kuandika. Huyo atasimuliaje kama serikali haitamtuma mtu wa kumsikiliza?

Hapa kuna jambo la lugha lisipuuzwe. Wengi watasimulia kwa Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kikara au Kihaya, kwa sababu ndiyo lugha walizolilia. Wasilazimishwe Kiswahili cha redioni. Warekodiwe kwa lugha zao na kutafsiriwa na watu wa palepale, walimu tunaozijua lugha hizo. Chuo cha Ualimu Butimba kipo hapahapa Mwanza. Walimu tarajali wakipewa kazi hiyo kama sehemu ya mafunzo yao, watajifunza kusikiliza kabla hawajajifunza kufundisha.

Nimeshawauliza wenzangu wanaopinga na hoja zao ni za kweli. Wa kwanza wanasema watoto watatishika. Nawajibu kwamba watoto wa ziwa hili wameshatishika siku nyingi. Wanasikia habari za maiti mwaloni wakinunua dagaa, picha za ajali zinawafikia kwenye simu za wakubwa zikiwa hazina maelezo wala staha, na hakuna mtu mzima anayekaa nao. Simulizi ya manusura inayosomwa taratibu na mwalimu aliyeandaliwa ni salama kuliko hizo picha. Lakini umri uangaliwe. Singempa mtoto wa darasa la tatu maelezo ya panga; ningempa yule mama wa senene.

Hoja ya pili ni nzito zaidi kwangu. Katika darasa lolote la Mwanza au Ukerewe anaweza kuwapo mtoto ambaye babu yake yumo ndani ya makaburi ya Igoma, walikozikwa waliokufa MV Bukoba, au ambaye mama yake hakurudi kutoka gulioni. Anaweza kuwapo anayeishi na ualbino, na siku hiyo macho yote yatamgeukia. Mwalimu asiyejiandaa anaweza kumuumiza mtoto huyo mbele ya wenzake kwa nia njema kabisa. Kwa hiyo mwalimu azungumze naye faragha kabla ya kipindi, ampe ruhusa ya kutokuwapo, na kamwe asimwombe asimulie ya kwao ili somo linoge. Mwalimu wa ushauri nasaha ajue siku hiyo kinasomwa nini. Haya yasiachwe kwa busara ya kila mmoja wetu. Yaandikwe ndani ya kiongozi cha mwalimu.

Na manusura wenyewe wana haki zao. Akubali kwa hiari, asomewe kilichoandikwa kabla hakijachapishwa, aamue kama jina lake litokee au lifichwe, aweze kubadili mawazo, na alipwe kama mwandishi yeyote anavyolipwa. Tusiwapange mbele ya paredi siku ya maadhimisho wakalia, wageni rasmi wakapiga picha, kisha wakapewa soda na nauli. Nimeona mambo ya namna hiyo na yaliniuma.

Kuhusu vipindi kutotosha na madarasa ya wanafunzi 80, hilo si geni kwenu wala kwangu. Kurasa kumi zinatosha kwa muhula. Nakala moja kwa dawati inatosha, hata msomaji mmoja mwenye sauti nzuri anatosha; sisi hatukuwa na zaidi ya hapo.

Nirudi kwenye mtihani. Mkiziweka simulizi hizi kwenye orodha na kuzitungia swali, ndani ya mwaka mmoja zitakuwa na kijitabu cha uhakiki. Yule mama wa Kemondo atageuzwa kuwa "ukarimu, hoja ya kwanza". Mwalimu mwenye hofu ya matokeo atawakaririsha, na sitamlaumu, kwa sababu shule inapimwa kwa matokeo. Suluhisho mnalo tayari: mtaala ulioanza kutumika kwa awamu mwaka 2024 unazungumzia umahiri na unatoa nafasi ya upimaji endelevu. Mwanafunzi aandike barua kwa mtu aliyemsoma, au aende kwa bibi yake akamsikilize na kuandika alichosikia. Mwalimu asome, aandike maoni yake pembeni. Alama zisiwepo.

Ninachoomba sasa ni kidogo na kinawezekana kabla ya muhula ujao kwisha. Taasisi ya Elimu itume maofisa wake Mwanza wakae na walimu wa Kiswahili na wa Historia wa Ilemela, Nyamagana, Misungwi na Ukerewe. Ofisi ya Elimu ya Mkoa ituruhusu kwa barua rasmi kuendelea na usomaji huu katika shule zitakazojitolea, maana hadi sasa tunaufanya kwa ridhaa ya mkuu wa shule tu na mkaguzi yeyote anaweza kuusimamisha. Na Mheshimiwa Waziri, naomba utenge fungu dogo la kurekodi na kutafsiri, tukianza na manusura wa MV Bukoba kwa kuwa ndio wenye umri mkubwa. Nakala ya maandishi ya yule mzee nimeiambatisha kwenye barua iliyotumwa ofisini kwenu, kwa ruhusa yake. Ameomba mtu mmoja tu miongoni mwenu aisome mpaka mwisho, kisha amjibu kwa Kiswahili.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Kiswahili
Ilemela, Mwanza